Siku Walipozima Tanuri

"Unaweza kuvaa shati mwenyewe?"

"Naweza."

"Kula mwenyewe?"

"Naweza."

"Kutembea bila kushikwa mkono?"

"Naweza, daktari."

Daktari hakuinua kichwa. Alikuwa akiuliza huku anaandika, anaandika huku anatafuna kitu, na foleni nyuma ya pazia ilikuwa imefika hadi nje, watu wakijipepea kwa kadi zao za kliniki. Mbele yake aliketi mwanamume mwenye uso uliobabuka upande mmoja. Jicho la kushoto lilikuwa limefumbwa kwa mshono, la kulia lilikuwa wazi lakini halikumtazama mtu; liliona mwanga tu, na vivuli vinavyopita. Kando yake alisimama mkewe, fundi cherehani. Nyuma ya mkewe alisimama baba mzazi wa mke, mzee mjane aliyekuwa akiishi kwao, ameikamata kofia yake kama mtu anayetafuta wa kumchapa nayo.

"Na kazi yako ya kiwandani, ile ya kumwaga alumini. Unaweza kuifanya?"

Mzee alimtazama mkwe wake kisogoni. Akamwomba Mungu, ambaye walikuwa hawasemezani vizuri tangu azike mke, amfungue huyu kijana ulimi kwa mara moja tu.

"Naweza," alisema mkwe.

"Vizuri," alisema daktari, akagonga muhuri. "Mwingine!"

*

Jibu la Mfuko wa Hifadhi ya Jamii halikuchelewa. Mzee alisema habari ya kunyimwa haijawahi kuchelewa njiani, inayopotea ni ile ya kupewa. Binti yake aliisoma barua akiwa ameketi nyuma ya cherehani, mguu bado uko kwenye kanyagio, sare za watoto wa watu zimerundikana hadi magotini mwake. Maneno yalikuwa mengi, lakini lenye uzito lilikuwa moja tu: kwa kauli yake mwenyewe, mwombaji anaweza kazi. Kwa hiyo pensheni ya ulemavu hastahili. Kama hakuridhika akate rufaa mapema, kabla jalada halijafungwa.

"Kwa kauli yake mwenyewe," binti alirudia. Akamgeukia mumewe. "Baba watoto, kweli ulimwambia daktari unaweza kumwaga alumini?"

"Aliuliza, nikajibu."

"Ungeimwagia wapi? Juu ya miguu ya wenzako?"

Mume alishika kifungo kingine. Alikuwa kwenye kigoda karibu na dirisha, anachambua vifungo kwa msaada wa ule mwanga wake kidogo, vyeupe kwenye bakuli hili, vya samawati kwenye lile. Aliamini anavitenganisha. Kila siku alipotoka kwenda kuoga, mkewe alivimimina mezani akavichambua upya, akavirudisha, wala hakumwambia.

"Mkwe," alisema mzee, "mimi sikusoma, ninajua jina langu na majina ya wanaonidai. Lakini hata mbuzi, mchinjaji akimuuliza kama ana nyama, hajibu kwamba anayo."

Binti alicheka bila kupenda, kisha kicheko kikamgeukia, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa.

"Baba, si wakati wa mizaha."

"Sifanyi mizaha. Wakubwa hawa nawajua, nimefungua mageti yao ujana wangu wote. Mkubwa hapendi kutoa. Sasa ukimpa na sababu ya kutotoa, umemrahisishia kazi, jioni anakwenda kunywa kwa amani."

Wao wenyewe hawakutegemea kitu toka mwanzo. Kiwanda cha sufuria kilikuwa kimeshalipa fidia ya ajali, bahasha moja, na meneja alipiga picha akimkabidhi majeruhi, picha ikabandikwa ofisini. Mzee hakuisahau picha ile. "Wanampiga picha mtu waliyemtoa macho," alisema. "Aje aitazame lini?" Bahasha iliishia kwenye madeni ya hospitali. Na kwa kuwa mkwe alitia saini kwamba amepokea na amemaliza, nyumba nzima ilijua yamekwisha. Ni muuguzi mmoja wa vidonda aliyemnong'oneza binti kwamba kuna Mfuko, ajaribu. Mzee alipinga. Mtu halipwi mara mbili kwa jicho moja, alisema, tena na watu walewale.

Jioni hiyohiyo ujumbe ulifika kutoka kiwandani. Meneja amesikia habari njema, kwamba fundi wake bado anaweza. Basi arudi. Hawezi kupewa upawa wa kumwagia, lakini atapewa kazi ya kukaa: kuchambua makopo. Asiporudi, ajihesabu ameacha kazi kwa hiari yake.

Cherehani lilisimama. Ni kopo lililomtoa macho. Vyuma chakavu vya kiwanda vililala uani bila paa, mvua ikanyesha, kopo moja lililobondwa likabaki na maji tumboni, likatumbukizwa kwenye chungu cha alumini iliyoyeyuka. Maji yakikutana na alumini ya moto hayatoi mvuke kwa ustaarabu. Yanalipuka. Sasa walitaka aketi juu ya rundo lile lile, apapase.

"Nitakwenda," alisema mkwe.

"Hutakwenda," alisema mkewe.

"Tutakula nini?"

Wote watatu walisikia cherehani lisivyosema kitu.

*

Mwanamke wa Mfuko alikuja kwa miguu. Jambo hilo lilimkera mzee, kwa sababu alikuwa amemwandalia maneno ya mtu anayekuja kwa gari. Alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, viatu vimebadilika rangi kwa vumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema mzee, shingo upande. "Umekuja kuhakikisha kama bado hatujafa?"

"Baba!" alisema binti.

"Mwache," alisema mgeni, akakaa kwenye kiti alichosogezewa. "Nimekuja kwa ajili ya rufaa. Mama huyu alilia dirishani kwetu mpaka foleni ikaacha kusukumana. Nataka kuelewa. Kwanza, nani aliwaambia kwamba mkishachukua fidia hamna haki nyingine?"

"Mbona tulitia saini?" alisema mzee.

"Mlitia saini ya fidia. Kiwanda kimeumiza, kimelipa, wamefunga hesabu yao. Sisi ni watu wengine. Mkwe wako alipokuwa akipokea mshahara, kila mwezi kipande kilikuwa kinabaki kwetu."

"Kinaliwa."

"Kinakaa, mzee. Kinamngoja azeeke. Lakini akipata ulemavu kabla ya uzee, hakina sababu ya kungoja. Hiyo ndiyo pensheni ya ulemavu, anapewa kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Si sadaka ya mtu, ni yake. Tena kuna posho ya anayemhudumia. Huyu mama anapoacha kushona ili amvushe barabara, hilo nalo linatambulika. Halafu kuna chuo cha wasioona, anafundishwa kutembea kwa fimbo na kazi nyingine ya mikono, Mfuko ndio unaolipa. Na watoto wenu wana fungu lao mpaka wamalize shule. Haya yote hayagombani na ile fidia."

Mzee alikuwa amejiandaa kwa dharau, na dharau alijua namna ya kuipokea. Hili hakujiandaa nalo. Alimtazama mkwe wake pale kwenye kigoda kana kwamba ndio kwanza anaonyeshwa mtu huyu: miaka yote ile alivyokuwa akirudi na masizi masikioni, anakula, analala, anaondoka, kumbe nyuma yake palikuwa panajengwa kitu, kipande juu ya kipande, na mwenyewe hajui, na hakuna mtu mwenye tai aliyewahi kufungua mdomo akasema.

"Kwa nini hatukuambiwa?" aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyokusudia.

"Kiwanda kilipaswa kuwaambia."

"Na nyinyi?"

Mama wa Mfuko alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Na sisi," alisema. "Hapo umenishika, mzee, sina pa kutokea." Kisha akamgeukia mkwe. "Kaka, wenzangu waliokunyima wameshika neno lako. Anayeweza kulifuta ni wewe, kwa kinywa chako, mbele yangu. Nakuuliza: kazi yako ya kumwaga, unaweza au huwezi?"

Vidole vya mkwe vilisimama ndani ya bakuli la vifungo. Midomo ilicheza. Jasho lilimtoka kwenye upande ule wa uso uliokuwa bado na ngozi ya kutoa jasho. Kisha akainuka, akagonga goti kwenye cherehani, akapapasa ukuta, akatoka nje.

"Ndiyo hivyo," alisema mkewe kwa aibu. "Nimeshambembeleza, nimeshagomba. Anakuwa kama kafungwa kinywa."

*

Mzee alimkuta nyuma ya nyumba, ameegemea tangi la maji.

"Mkwe, mimi na wewe tumeheshimiana. Leo naomba niikose hiyo heshima kidogo. Una wazimu?"

"Hapana, baba."

"Basi sema hilo neno, yule mama aandike, tumalize. Ni neno dogo, hata mtoto wako mdogo analisema ukimtuma dukani."

"Sisi wa tanuri hatulisemi."

"Sisi wa nini?"

"Wamwagaji. Upawa ukikuzidi mikono unasema 'pokea,' mwenzio anapokea. Basi. Lile jingine halitamkwi kazini wala nyumbani. Moto unasikia, baba. Ukilisikia kinywani mwa mmwagaji, unamchukua aliye karibu."

"Nani kakudanganya?"

"Aliyenifundisha kazi."

"Yuko wapi nikamuulize?"

"Moto ulimchukua."

Mzee alikuna kichwa. Alitaka kucheka, lakini aliona jinsi mkwe alivyokuwa amelikumbatia lile tangi.

"Asubuhi ile nilikuwa na homa," mkwe aliendelea, polepole, kama anayetembea chumba asichokijua. "Upawa wa kwanza tu, mikono ikatetemeka. Nikalisema. Chinichini, hata wenzangu hawakusikia. Sikumaliza kugeuka, chungu kikalipuka."

"Moto hausikii!" mzee alipaza sauti mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. "Aliyesikia ni tajiri wenu! Mlimwomba aezeke ule ua, akasikia vizuri kabisa, akasema subirini, subirini, mpaka mvua ikaja kumjibu. Lile kopo lilikuwa na maji, mwanangu. Maji!"

"Najua kuhusu maji."

"Sasa?"

"Najua yote mawili." Mkwe alilipapasa tangi. "Baba, aliyeniburuta nje siku ile nikiwa nawaka ndiye ameshika upawa wangu sasa. Ana watoto wadogo kuliko wangu. Nikilisema, halafu likamkuta yeye? Nitakula vipi hiyo pensheni?"

Mzee, ambaye katika nyumba ile hajawahi kukosa neno la mwisho, alisimama pale akisikiliza tangi likidondoka. Baadaye aliingia ndani akamweleza mama wa Mfuko kila kitu, huku akingoja acheke ili apate wa kumkasirikia. Mama yule hakucheka.

"Kanuni inaniruhusu kuiona kazi yenyewe kabla sijaamua," alisema. "Twendeni kiwandani. Keshokutwa jalada linafungwa."

*

Mlinzi wa geti aliwaacha juani, akitaka kwanza kumuuliza meneja, kisha akamtaka mkwe aandike jina lake kitabuni, akamnyooshea kalamu mtu asiyeona. Mzee alitaka kumtia adabu lakini binti alimbana mkono. Waliingia wanne: mama wa Mfuko mbele, mkwe ameshikwa na mkewe, mzee nyuma.

Mzee alikuwa amekwishasema mengi kuhusu kiwanda hiki bila kukiona. Kwake palikuwa mahali pa kupikia sufuria, na mkwe wake mpishi wa masufuria, kazi ambayo aliwahi kuicheka kwa marafiki zake. Alipovuka mlango wa banda la tanuri, alisimama papo hapo.

Sauti ndiyo iliyomkuta kwanza. Feni ya tanuri ilikuwa ikivuma kwa namna ambayo haikuingia masikioni, iliingia kifuani, ikashika mapigo ya moyo ikayaendesha itakavyo. Kisha joto, lililomjia usoni kama kiganja. Katikati ya banda, ndani ya shimo lililojengwa kwa matofali, chungu kikubwa kilikaa juu ya moto wa rangi ambazo hakujua moto unazo, na ndani ya chungu hamkuwa na kitu chekundu kinachotokota kama alivyodhani. Mlikuwa na weupe uliotulia. Weupe mtupu, unang'aa, umelala kama maziwa, na juu yake hewa inatetemeka. Makopo yale yale yaliyorundikana uani, machafu, yenye matope na konokono, yalizama humo yakawa hivyo. Mzee alijikuta amevua kofia.

Wamwagaji walikuwa sita, aproni za turubai, viatu vya matairi. Mmoja alichota kwa upawa wenye mpini mrefu kumzidi, akageuka, akatembea, na huo mwendo ndio uliomnyamazisha mzee kabisa: mtu amebeba kifo kwenye kijiko, anakwenda nacho hatua laini, magoti yamelegea, bega halichezi, anafika kwenye kalibu ya mchanga yenye umbo la sufuria anakimimina kwenye tundu lisilozidi kikombe cha kahawa bila kudondosha tone. Kisha anarudi. Siku nzima hivyo. Miaka hivyo. Na jioni mkwe wake, mtu wa mwendo huu, alikuja kuketi mezani akaambiwa apunguze kelele za kutafuna.

Mkwe alikuwa amesimama ambapo mkewe alimsimamisha. Uso wake ulielekea tanuri kama uso wa mtu anayeitwa. Mikono ilikuwa imeinuka kidogo mbele yake, na magoti yamelegea, na kila mmwagaji alipopita, mkwe alikwenda naye bila kusogeza mguu. Mkewe aliitazama ile mikono. Mzee alimwona binti yake akiweka kiganja mdomoni.

"Kaka!" mama wa Mfuko alipiga kelele ili asikike. "Ndiyo kazi hii?"

Mkwe aliitikia kwa kichwa.

"Unaiweza?"

Mkwe hakutikisa kichwa huku wala kule. Alianza kurudi nyuma, taratibu, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Mkuu wa wamwagaji, mtu mfupi waliyemwita Nahodha, aliacha upawa wake akaja. Nyusi hakuwa nazo, moto ulishazichukua zamani. Alimshika mkwe bega, akamgeukia mama wa Mfuko.

"Anatakiwa kusema nini?"

Mama alimweleza sikioni. Nahodha alisikiliza, kisha akamtazama mmwagaji mmoja kijana aliyekuwa karibu na chungu, yule wa watoto wadogo, aliyeshika upawa wa mkwe. Yule kijana alikuwa ameshaelewa. Alikuwa ameacha kutembea.

"Lazima aseme mwenyewe?" aliuliza Nahodha.

"Lazima."

Nahodha alitafakari kidogo tu, kama mtu anayeulizwa njia na kuijua. Akageuka, akainua mkono wazi, akaukunja ngumi.

"Zima."

Hakuna aliyeuliza. Mmoja alifunga mafuta, mwingine akavuta swichi. Moto ulijikunja ukaingia ndani ya tanuri, na feni ikaanza kushuka, ikashuka, ikashuka, mpaka ikakata. Ukimya ulioingia mle ndani ulikuwa mzito kuliko ule mvumo. Mzee alisikia shomoro juu ya mabati. Alisikia mtu akimeza mate. Hakujua kama ni yeye.

Meneja alikuja mbio, tai begani. "Nani kazima? Nani? Chungu kimejaa! Kikipoa na alumini tumboni kinapasuka! Mnajua bei ya chungu kipya?"

"Tunaijua," alisema Nahodha.

"Atalipa nani?"

"Kata kwangu."

"Na kwangu," alisema yule kijana.

"Na kwangu."

"Na kwangu."

Walisema mmoja mmoja, bila ujeuri, kama watu wanaoitikia majina yao. Meneja alimgeukia mama wa Mfuko kutafuta mtu mwenye akili. Mama wa Mfuko alikuwa amekalia boksi la mchanga, daftari gotini, anangoja.

Wakangoja wote. Wekundu wa matofali ulikufa polepole, ukawa wa hudhurungi, ukawa kivuli. Weupe ndani ya chungu ukafanya utando, utando ukakunjamana kama uso wa kikongwe. Mzee aliwatazama watu wale sita, mishahara yao anaijua, nyumba zao anazijua kwa kukisia, wamesimama wamefumbata mikono mbele ya hasara yao wenyewe wakimlinda mtu asiyewaona. Ulimi wake ulikuwa na maneno ya kuwaambia wakubwa, mazuri, makali, aliyoyanoa miaka. Hakupata mahali pa kuyaweka.

Nahodha alisogea hadi ukingoni mwa tanuri, akainama, akatega sikio kwa muda mrefu. Akarudi.

"Umelala," alimwambia mkwe. "Sema, ndugu yangu. Hapa tuko sisi tu."

Mkwe alijitenga na ukuta.

"Siwezi," alisema.

Shomoro waliendelea na mambo yao. Hakuna kilicholipuka. Mkwe alisubiri, kichwa kimeinama upande, kisha akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetoka majini.

"Siwezi kumwaga. Siwezi kuiona kalibu. Nimebaki na mwanga kidogo, unanionyesha kwamba mtu kapita, haunionyeshi ni nani. Siwezi kuvuka barabara. Nilimwambia daktari naweza kula mwenyewe, lakini chumvi na sukari zikiwekwa mezani siwezi kujua ipi ni ipi mpaka nionje, na watoto wananitazama. Vifungo," alisema, na sauti ikakwaruza, "vifungo najua vinachambuliwa tena. Nasikia vikimwagwa mezani. Siwezi hata hivyo vifungo, mke wangu."

Binti wa mzee alilia waziwazi, hakujifunika. Alikwenda akasimama mbele ya mumewe, akaitwaa ile mikono miwili iliyokuwa bado imeinuka hewani, akaishusha.

Mama wa Mfuko aliandika mpaka mwisho wa ukurasa. Alipomaliza alimsomea mkwe neno kwa neno, akamuuliza kama ndivyo, mkwe akasema ndivyo.

"Basi," alisema, akifunga daftari. "Hii inapita. Na asiulizwe tena na mtu yeyote." Akamgeukia meneja. "Na wewe nitarudi kwako kuhusu ule ua usio na paa. Nimeuona wakati nimesimamishwa getini."

Meneja alisema atawasiliana na wakubwa. Hakuna aliyemsikiliza.

*

Barabarani, watu walikuwa wametoka milangoni. Mvumo wa lile tanuri ulikuwa umekaa katika mtaa ule muda mrefu hata ukawa sehemu ya kimya chao, na sasa ulipokatika kila mtu alishtuka kama aliyevutwa shuka. Kinyozi alikuwa amesimama na mashine mkononi, mteja nyuma yake amenyolewa nusu kichwa.

"Mzee, kuna nini kiwandani?" aliuliza. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu," alisema mkwe.

Hawakufika mbali. Nyuma yao feni ilikohoa, ikanguruma, ikaanza kupanda. Mkwe alisimama ghafla katikati ya njia, akamkamata mzee mkono kwa nguvu ya mtu aliyeshika pawa miaka mingi. Mkewe akasimama. Uso wa mkwe uligeukia kiwandani, jicho lile wazi halipepesi. Waendesha baiskeli waliwapita wakiwakwepa, mmoja akawatukana. Mzee, aliyekwisha kula kiapo kwamba moto hausikii, naye alisimama akasikiliza.

Mvumo ulipanda, ukayumba, ukakaa sawa. Kinyozi akarudi kwa mteja wake. Mlango mmoja baada ya mwingine ukafungwa. Bado hawakusogea, mpaka kwa mbali, chini ya mvumo, ikasikika sauti ndogo ya chuma kugusa chuma, upawa ukigonga mdomo wa chungu, kisha tena, kisha tena, kwa mwendo ule ule wa hatua laini.

"Wanamwaga," alisema mkwe. Akaachia mkono wa mzee. "Twendeni."